Qiskit Aer kwenye klasta ya chuo: nyota nne

Ukitaka kuiga kompyuta ya kwantamu bila kuwa nayo, mimi nakuelekeza kwenye Qiskit Aer ya IBM. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kwa pip (kisakinishi cha Python) unaisakinisha chai ikiwa bado moto.

Tatizo ni RAM. Hali nzima ya kyubiti 30 (biti za kwantamu) inakula GB 16, na kila kyubiti unayoongeza inazidisha hesabu mara mbili. Kyubiti 34 tu, tayari ni GB 256. Laptopu yangu ya GB 16 haina ubavu huo, ndiyo maana kazi nzito nazipeleka kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa.

Huko GPU (kadi ya michoro) ndiyo raha yenyewe: ukishasakinisha qiskit-aer-gpu, unaandika device="GPU", basi. Ila kusambaza kazi kwenye nodi nyingi (kompyuta moja moja za klasta) kwa MPI, njia ya nodi kuwasiliana, kunachosha, maana lazima uijenge programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo. Nyota moja nimeikata hapo. (Foleni ya Slurm, programu inayopanga zamu za kazi, siihesabu, hiyo ni shida ya klasta yetu.)

Kabla ya kuomba nodi kubwa, angalia sakiti yako, yaani mfuatano wa milango (hatua za hesabu) unaoiga. Ikiwa na milango ya Clifford pekee, aina ambayo kompyuta ya kawaida huiiga kwa urahisi, tumia njia ya Aer iitwayo stabilizer. Hata kyubiti mia kadhaa zinapita kwenye laptopu. Na ukiiga kelele (makosa ya kompyuta halisi), usikimbilie njia ya density_matrix: kyubiti 15 humo zinakula RAM sawa na 30 za kawaida.