Tathmini: mlango wa Newsjack kwa mwandishi mgeni wa vichekesho

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2021, BBC ilikuwa na kipindi cha redio kilichomruhusu mtu yeyote, awe fundi bomba au mwalimu wa chekechea, kutuma igizo fupi la kuchekesha kuhusu habari za wiki hiyo, bila wakala na bila kujuana na mtu ndani ya jengo. Kipindi hicho kiliitwa Newsjack, nacho kilianzia idhaa ya Radio 7, ambayo mwaka 2011 iligeuzwa kuwa Radio 4 Extra. Nilituma maandiko yangu kwa misimu miwili na hakuna hata neno langu moja lililosikika hewani, kwa hiyo msomaji asitarajie simulizi ya ushindi. Ninachotathmini ni mlango wenyewe, kwa sababu desturi hiyo ilirithiwa na kipindi kingine cha BBC, DMs Are Open, kuanzia mwaka 2022, na kwa sababu Waswahili wenzangu wa huku Uingereza bado huniuliza kama mambo haya ni ya kweli au ni geresha.

Ni ya kweli, tena si mapya. Kabla ya Newsjack kulikuwa na Week Ending, kipindi cha Radio 4 kilichodumu kuanzia 1970 hadi 1998, ambacho mwandishi asiye na mkataba aliweza kuhudhuria kikao chake, akakaa pamoja na wenye uzoefu na kujaribu bahati yake. Douglas Adams aliwahi kukiandikia kabla jina lake halijajulikana. Newsjack iliuhamishia mlango huo kwenye intaneti: uliandika, ulituma, na andiko lako likichaguliwa lilisomwa na waigizaji wa kazi mbele ya hadhira, nawe ulilipwa. Malipo hayo hayakuwa ya kumfanya mtu aache ajira yake, lakini yalikuwa malipo, na jina lako lilitajwa.

Lililonifunza zaidi ni ratiba. Maigizo yalipaswa kufika Jumatatu saa sita mchana, na vichekesho vya sentensi moja vilipewa muda kidogo zaidi, kisha kipindi kirekodiwe na kurushwa wiki hiyohiyo. Maana yake ni kwamba Jumamosi na Jumapili zote ziliishia mezani, huku ukiomba kimoyomoyo waziri fulani asijiuzulu Jumatatu asubuhi na kulichachusha igizo lako kama samaki aliyeachwa juani. Mimi niliyezoea kuandika nikiwa na nafasi, nikirudia aya moja siku tatu, nilijikuta nikimaliza igizo la kurasa mbili katika saa nne. Maigizo yangu yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa yamekamilika, na kabla ya hapo sikuwahi kukamilisha hata moja.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba kuchekesha peke yake hakutoshi, kwa kuwa kinachoamua mapema ni upande gani wa habari umeuchagua. Waliotuma walikuwa mamia, na wote walikuwa wamesoma magazeti yaleyale. Chukua wiki ile ya Septemba 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kwamba kusitishwa kwa vikao vya Bunge kulikuwa batili. Jaji Lady Hale alisoma uamuzi akiwa amevaa pambo kubwa la umbo la buibui begani, na nchi nzima ikamzungumzia buibui. Naapa mwandishi mgeni yeyote angemkimbilia buibui huyo, ampe sauti, amfanye wakili. Mhariri anayefungua buibui wa arobaini hacheki tena, hata kama wako ndiye bora kuliko wote. Lakini siku iliyofuata Spika alitangaza kwamba kumbukumbu za Bunge zingerekebishwa, ule usitishwaji ufutwe, isomeke kana kwamba vikao viliahirishwa tu. Hapo ndipo palipokuwa na igizo, nami niliona baada ya wiki kupita, nikaliandika kama zoezi:

KARANI: Niandike nini, Mheshimiwa?
SPIKA: Andika kwamba Bunge halikusitishwa.
KARANI: Na zile siku tulizokuwa nyumbani?
SPIKA: Hatukuwa nyumbani.
KARANI: Basi nina madai ya posho.

Watu wawili, chumba kimoja, hakuna mlio wowote wa kutafutwa studio. Igizo langu la kwanza kabisa lilikuwa na wahusika saba, meli na mbuzi. Waigizaji walikuwa wachache na kila mmoja alibeba sauti kadhaa, na msikilizaji haoni kitu, kwa hiyo mhusika wa saba anasikika kama wa tatu aliyeshikwa na mafua. Vivyo hivyo kwa mtangazaji: kichekesho kilichomfaa Miles Jupp, mwenye sauti ya bwana wa heshima aliyekerwa, kisingekaa vizuri mdomoni mwa Nish Kumar au Angela Barnes waliokuja baadaye. Anayetuma bila kukisikiliza kipindi anashona nguo bila kumpima mvaaji.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye ucheshi wa Kiswahili kuna tatizo la ziada. Mzaha wetu hupenda kuzunguka. Mtu anasalimia, anauliza habari za shamba, anatupa kijembe, anakikana, na kicheko kinatokea kwa sababu tumemngoja. Igizo la dakika mbili halina subira hiyo. Ndani ya mistari mitatu ya mwanzo msikilizaji anapaswa kujua ni habari gani, ni kina nani, na nini kimekwenda kombo. Hata hivyo si kila cha nyumbani kinatupwa. Lile neno posho linamchekesha Mtanzania kabla halijamalizika kutamkwa, na nilidhani lingekufa likivuka bahari, mpaka nikakumbuka kwamba mwaka 2009 wabunge wa Uingereza nao waliumbuliwa kwa madai yao ya gharama.

Naupa mlango huu nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya ukimya: kwa wingi wa maandiko, aliyekosa hakupewa maoni ya peke yake, na njia ya kujua ulipokosea ilikuwa kusikiliza kipindi ukiwa na nakala yako mkononi, ukilinganisha. Nami nilifanya hivyo. Maigizo yangu kumi na moja bado yamo kwenye kompyuta, na tisa kati yake yanahitaji mtu aelezwe habari kwanza ndipo acheke.