Kozi ya jioni pale Kamalondo (Lubumbashi): gazi ya heliumu namna inaharibisha byuma bya reakta ya nyuklia

Nimemaliza ile kozi ya jioni yenye banatoa mu santre moja ya Kamalondo, dola 15, karatasi iko ndani ya bei. Kama uko mutu wa metaliriji ao musudere lipa tu, kama unatafuta paka sertifika ya kujaza CV, achana nayo.

Prof alikaza sana kwa heliumu na njo fasi alinishinda kabisa. Wengi tulikuya tunajua paka mwanzo, nyutroni (kachembe kadogo sana kenye kanaruka mu reakta) inapiga atomu inaitosha fasi yake, inabakia shimo, chuma inakuwa ngumu lakini inapasuka rahisi. Sasa kumbe nikeli, ile iko mu inox, inameza nyutroni inageuka nikeli-59, ikimeza ingine inatupa heliumu! Boroni nayo vile vile ata ikiwa kidogo. Ile gazi haiyeyuke mu chuma, inazunguka mpaka ipate bile bishimo, inajikusanya mule, inafanya bipovu fasi chembe za chuma zinakutana, na joto ikipanda sana njo pale chuma inaachana. Basudere musikie hii: inox yenye ilikaa mu reakta, heliumu ikifika tu karibu atomu moja kwa milioni, unaisudere inapasuka pembeni ya sudure. Moja kwa milioni, ba yaya!

Alieleza pia ya reakta ya Dounreay kule Scotland, 1967 bachunguzi Cawthorne na Fulton bakaandika kwamba inox ya kufunikia uranium ilijaa mashimo madogo sana, chuma inavimba. Toka pale batu balianza kutafuta byuma bingine, zile aina za chuma banaita za feriti na martensiti zenye habivimbe sana. Na kobalti yetu hii ya Kolwezi, bale ba reakta habaipendi ata kidogo mu chuma juu inageuka kobalti-60 yenye kutoa mionzi, nguvu yake inapunguka nusu kisha myaka 5 na zaidi.

Mubaya: tungsteni, chuma ingine yenye heliumu inaiotesha kama manyoya juu ya uso, aliipitisha mbio mbio wakati mi njo nilikuya juu yake. Umeme ikakatika, prof akaendelea na ubao, hapo simulaumu. Lakini picha za mikroskopi mu fotokopi ni nyeusi tupu, bipovu haibionekane ata kimoja, mukienda mwambie bawatumie PDF kwa WhatsApp mbele ya kulipa.