Uzoefu wangu: theluthi sita za painti katika tamasha la bia la baa moja mjini Leicester

Kwa miaka yote niliyoishi Uingereza nilikuwa nimekubali, bila kujisumbua kuhakikisha, maneno ya wenzangu kutoka nyumbani kwamba Waingereza hunywa bia ya moto. Kwetu Tanzania mhudumu hukuuliza kwanza, "Moto au baridi?", na kwa kuwa mimi ni mtu wa baridi nilijua pabu zao za zamani hazinihusu. Mwezi Septemba shemeji yangu, ambaye ni mtu wa Mwanza, alinivuta tukaenda katika tamasha la bia lililoandaliwa na baa moja ya hapa Leicester, lililoanza Alhamisi na kumalizika Jumapili. Nilihudhuria siku mbili, Ijumaa na Jumapili, na tofauti kati ya siku hizo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Jina la baa sitalitaja, kwa sababu nina manung'uniko kidogo, na yangeweza kuipata baa yoyote inayoandaa shughuli kama ile.

Kiingilio kilikuwa kadi ya pauni 18 yenye vibanda kumi, yaani visanduku vidogo vilivyochorwa vya kutobolewa, pamoja na glasi ambayo mteja huondoka nayo. Kila kibanda kinachotobolewa ni sawa na theluthi moja ya painti, yaani mililita 189, na glasi yenyewe imechorwa mistari ya theluthi, nusu na painti kamili, kwa hiyo hakuna mabishano kuhusu kipimo. Utaratibu huu ni wa busara. Theluthi tano hazifikii lita moja, kiasi ambacho ni pungufu kidogo ya chupa mbili za Safari, lakini utakuwa umeonja bia tano zisizofanana hata kidogo. Jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye kadi ni kwamba bia yenye kilevi cha kuanzia asilimia 6 hula vibanda viwili. Niliambiwa hivyo glasi ikiwa tayari mkononi, na ninaona halikuwa jambo la kiungwana.

Uani kulikuwa na hema, na ndani yake mapipa ishirini na manne yamelazwa kwa ubavu juu ya fremu za mbao, kila moja limefunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji ili lisipate joto. Mengi yalikuwa ya ukubwa unaoitwa firkini, wenye galoni 9, yaani painti 72. Bia haisukumwi na gesi wala pampu. Mhudumu anafungua koki ya mbele, nayo inashuka yenyewe taratibu ikiwa na povu dogo sana. Nilipoonja ya kwanza niligundua kwamba habari ya bia ya moto ni uzushi mtupu, kwani eli, yaani bia ya jadi ya Kiingereza, ikitunzwa vizuri hukaa kwenye nyuzi 11 hadi 13, ambayo ni baridi ya maji ya mtungini. Mtu aliyezoea bia inayotoka kwenye jokofu ikiwa karibu kuganda atahisi kama imesahauliwa mezani, lakini baada ya mafunda matatu ulimi unafunguka na unaanza kubaini ladha ambazo baridi kali ingezificha.

Nilipouliza kwa nini haiwekwi kwenye friji kama nyingine, mzee aliyesimamia mapipa, ambaye aliniita "bata wangu" kama wenyeji wa Leicester wanavyomwita kila mtu, alinieleza kwamba bia ile bado iko hai. Inatoka kiwandani ikiwa na hamira yake, inaendelea kuchacha ndani ya pipa lile lile itakalomiminwa kutoka humo, na gesi iliyomo imetokana na mchacho wake yenyewe. Hiyo ndiyo eli ambayo chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 kuitetea, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikigeukia bia iliyochujwa, iliyouliwa hamira na kutiwa gesi. Mzee alipokuwa akieleza hayo, mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kufika Marangu. Bibi yangu alikuwa akipika mbege, na hapakuwa na neno lolote la mzee huyu ambalo bibi asingelielewa: kimea cha ulezi kwake, kimea cha shayiri huku, magome ya msesewe ya kutia uchungu kule, maua ya hopsi huku, na pande zote mbili kinywaji ambacho hakikusubiri mnywaji. Bibi hakumuuzia mtu mbege iliyolala bila kumwambia kwamba imelala. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Ushauri wa mzee ulikuwa kuanza na nyepesi na kumalizia na nzito, tukaufuata. Ya kwanza ilikuwa bita, aina ya eli yenye uchungu wa hopsi, ya asilimia 3.8 kutoka kiwanda kidogo cha jirani, yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea na harufu ya biskuti. Siku hiyo ya Ijumaa ilikuwa tamu kwa namna isiyojitangaza, na uchungu wake ulikuja mwishoni tu, ukasafisha kinywa na kuondoka. Baada yake tulichukua Sussex Best ya Harvey's, inayotengenezwa Lewes kusini mwa nchi, yenye asilimia 4. Hii ina uzito zaidi ya namba yake; mbele unapata kimea kilichookwa na nyuma hopsi zenye harufu ya majani makavu, na ingekuwa kwa hiari yangu ningebaki nayo jioni nzima.

Citra ya kiwanda cha Oakham, asilimia 4.2, ni kitu kingine kabisa. Rangi yake ni ya dhahabu, na inabeba jina la hopsi ya Kimarekani iliyotumika kuitengeneza. Kabla hujainywa unakutana na harufu ya balungi na embe bivu, kiasi kwamba shemeji aliishika glasi puani kwa muda mrefu akidhani wamekamulia matunda. Hakuna tunda ndani yake. Kwa mtu anayehama kutoka bia za nyumbani na anayeogopa bia nyeusi, ningemwambia aanzie hapa.

Ya nne ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele, nasi tukataka kuirudisha. Mzee akacheka na kutuonyesha kadi ya pipa, ambayo ilieleza kwamba bia ile haikusafishwa makusudi. Kwa kawaida, alisema, mashapo ya hamira hutuamishwa chini ya pipa kwa kutumia dawa inayotokana na kifuko cha hewa cha samaki kilichokaushwa.

"Shemeji, hilo ni bondo!" mwenzangu akapaza sauti, akanigeukia kwa Kiswahili katikati ya watu. Mtu wa Mwanza haambiwi bei ya bondo la sangara. Amekua akiona mafurushi yake yakielekea China kwa bei inayozidi ya minofu. Sikumsikia mzee akisema ni samaki gani hutumika huku, lakini kuanzia hapo shemeji alikagua kila glasi kama afisa uvuvi. Kwa wasiokula samaki taarifa hii ina uzito, na ninaipongeza baa kwa kuandika kwenye kila kadi kama bia imesafishwa na kwa kitu gani. Bia yenyewe ya ukungu haikunivutia sana. Ilikuwa na harufu ya ndizi mbivu, jambo lililonichekesha, lakini ilikosa ule uchungu wa kuishikilia.

Tulimaliza na nyeusi mbili. Plum Porter ya Titanic, kiwanda cha Stoke-on-Trent, mji alikozaliwa nahodha wa ile meli, ni pota ya asilimia 4.9 iliyotiwa ladha ya tunda la plamu. Nilitarajia kitu cha sukari kama juisi ya boksi, nikapata kahawa chungu yenye tunda linalopita kwa mbali. Halafu ikaja Dark Ruby ya kiwanda cha Sarah Hughes cha mjini Sedgley, asilimia 6, ile iliyokula vibanda viwili vyangu. Ni maildi, aina ya eli ambayo kwa kawaida huwa nyepesi na ambayo wafanyakazi wa viwandani wa sehemu hizi za Uingereza waliipenda, lakini hii ya Sedgley haina wepesi wowote. Ukiinyanyua dhidi ya taa unaona wekundu wa damu ya mzee, na kinywani kuna zabibu kavu, sukari guru iliyoungua na joto linaloshuka polepole kifuani. Nililalamika kuhusu vibanda viwili kabla ya kuionja. Baada ya kuionja nilinyamaza.

Kuhusu chakula sina mengi. Palikuwa na pai za nguruwe za Melton Mowbray, mji ulio karibu na hapa, ambazo huliwa baridi zikiwa na jeli iliyoganda kati ya nyama na ukoko. Zimetengenezwa kwa ufundi, nakiri, lakini kwa sisi tuliozoea kitimoto ikitoka kwenye moto na pilipili pembeni, kuitafuna nyama ile ikiwa baridi kulihitaji moyo. Viti navyo havikutosha, na wazee wengi walisimama saa nzima.

Sasa Jumapili. Nilirudi peke yangu nikiwa na vibanda vitatu vilivyobaki. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi na upande mmoja wa hema ulikuwa na joto. Baadhi ya vitambaa juu ya mapipa vilikuwa vimekauka kabisa. Niliomba ile bita ya jirani niliyoipenda Ijumaa. Harufu ilinifikia kabla ya glasi: siki, na nyuma yake kitu kama kadibodi iliyolowa. Nilimwambia kijana aliyenihudumia kwamba imeharibika, naye akajibu kwa adabu lakini kwa uhakika kwamba eli ndivyo zilivyo, na kwamba pengine sijazizoea. Ningekuwa mgeni wa siku ile ya kwanza ningemwamini, ningeinywa, na nisingerudi tena katika maisha yangu.

Yule mzee alipopita nilimpa glasi. Aliinusa mara moja, akaimwaga kwenye ndoo, akaligeuza bango la pipa uso kwa nyuma, kisha akanionyesha kijiti kidogo kilichochomekwa juu ya tumbo la pipa. Kuna vijiti vya namna mbili, alisema. Kile laini hupitisha hewa wakati bia inauzwa. Kile kigumu huzuia hewa na ndicho kinachopaswa kuwekwa usiku. Juu ya pipa lile kulikuwa na kijiti laini, na kwa maelezo yake kilikuwa hapo tangu Ijumaa usiku. Hata pipa lililotunzwa vizuri, likishafunguliwa, linatakiwa liishe kwa muda wa siku tatu hivi, kwa sababu kila painti inayotoka nafasi yake inachukuliwa na hewa. Alinipa Plum Porter badala yake bila kutoboa kadi tena, nayo ilikuwa nzima, kwani pipa lake lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo.

Kwa hiyo Ijumaa naipa nyota nne na nusu, na Jumapili nyota mbili, moja kati ya hizo ikiwa ya yule mzee peke yake. Anayetaka kwenda katika tamasha la namna hii achague siku ya pili, wakati bia zimekwisha kutulia na mapipa hayajazeeka. Aulize kila pipa limefunguliwa lini kabla ya kutoa kadi. Na asikubali kuambiwa kwamba siki ndiyo ladha ya eli, isipokuwa kama kadi ya pipa inasema ni bia ya uchachu wa makusudi. Waandaaji nao wangeandika kwenye kila bango tarehe na saa ya kufungua pipa. Bibi alifanya hivyo kwa mdomo tu, na alikuwa na pipa moja.

Vibanda vyangu viwili havikutobolewa. Nilipouliza kama vitatumika mwakani niliambiwa haviwezi, ila ningeweza kuitumbukiza kadi kwenye kisanduku cha hisani kilichokuwa mlangoni, nami nikaitumbukiza.