Yara kwa kila siku Unguja: ipulizwe wapi, na kiasi gani

Maduka ya manukato ya Darajani na Mchangani siku hizi hayakosi ile chupa ya pinki ya Yara, inayotengenezwa na Lattafa wa Dubai. Ilitoka mwaka 2020, chupa yake ya kawaida ni ya mililita 100. Ni harufu tamu, laini, ya matunda na maziwa, na wengi huinunua ya kwendea kazini, chuoni na sokoni, wakaacha udi na miski kwa nyumbani na harusini. Kwa matumizi hayo ni nzuri kweli, naipendekeza. Lakini wengi huipuliza kupita kiasi na mahali pasipofaa, kisha lawama zinaiangukia chupa.

Tuanze na harufu yenyewe. Mwanzo unanusa chenza, pamoja na okidi na heliotropu, ua lenye harufu iliyo kati ya lozi na poda. Chenza haikai. Harufu za jamii ya machungwa ni nyepesi, na kwa joto la huku huruka ndani ya dakika chache. Nyuma yake yanakuja matunda ya nchi za joto yaliyofunikwa na utamu wa pipi. Wengi wanaifananisha na maziwa ya stroberi, ingawa stroberi haimo katika maelezo ya mtengenezaji. Chini kabisa kuna vanila, miski na sandali. Hizi ni nzito, haziruki upesi, ndizo zinazokaa hadi mchana. Kwa hiyo anayetaka kunukia matunda kutwa nzima ajue mapema: matunda ni ya mwanzo tu, sehemu kubwa ya siku utanukia vanila na poda.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoingia. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, jua ni kali na hewa ina unyevunyevu. Joto la ngozi huiachia vanila yote kwa pamoja, jasho likachanganyika nayo, na harufu iliyokuwa laini asubuhi inakuwa ya kukaba ifikapo saa 6 mchana, hasa ndani ya daladala iliyojaa. Msimu huo mipulizo miwili inatosha. Wakati wa kusi, upepo ukiwa umepoa, minne haimuudhi mtu. Mpulizo mmoja wa chupa za namna hii hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa nzima ina mipulizo kama elfu moja. Kwa anayetumia kwa kiasi, hata akiipuliza kila siku, ni zaidi ya miezi minane.

Mahali pa kupuliza ni muhimu kuliko idadi. Shingoni chini ya ushungi ndipo pabaya kuliko pote: harufu haina pa kutokea, inazunguka puani mwako tu, na kichwa kinaanza kuuma. Harufu hupanda pamoja na joto la mwili, basi ianzishe chini: kiunoni, nyuma ya magoti, ndani ya viwiko. Oga, jifute ukauke, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, subiri dakika mbili tatu yakae, kisha puliza kwa umbali wa shubiri moja, yaani sentimita 20 hivi. Ngozi kavu hunywa manukato upesi. Yenye mafuta huyashika. Usisugue ulipopuliza, unaharakisha tu kuruka kwa ile harufu ya mwanzo. Baada ya robo saa pua yako itazoea na utadhani imekwisha. Usiongeze. Muulize mwenzako kwanza.

Kwenye nguo hukaa muda mrefu kuliko mwilini, mara nyingi hadi kesho yake. Buibui jeusi halina tatizo: puliza upande wa ndani wa pindo, litundike dakika kumi kabla ya kulivaa. Kanzu nyeupe, hariri na mitandio ya rangi za kupauka viepushe. Vanila hugeuka rangi ikikutana na hewa, na doa lake la kahawia hafifu hujitokeza baadaye, nguo ikiwa imeshakunjwa kabatini.

Wanaofukiza nguo kwa udi wafuate utaratibu huu bila kuugeuza: chetezo kwanza, nguo ipoe kabisa, kisha Yara. Nguo iliyopulizwa manukato ya spiriti isiwekwe juu ya makaa, inaweza kushika moto. Kwa mpangilio huo vinakubaliana vizuri mno, kwa sababu sandali ya chini inaupokea moshi wa udi na utamu unapungua makali. Kikuba, kile kishada cha asumini, ni habari nyingine. Poda ya Yara huifunika asumini, na asumini mbichi ina heshima yake, haifai kufunikwa. Siku ya kikuba, chukua dada yake, Yara Tous ya chupa ya rangi ya chungwa: ina embe, nazi na pasheni, na katikati yake mna asumini. Tous lakini ni tamu zaidi. Kwa kaskazi mpulizo mmoja tu.

Wasiotaka spiriti kwa ajili ya sala wanauziwa mafuta ya kupima yaliyoigizwa Yara, kwa tola, ambayo ni karibu mililita 12, au kwa vichupa vya mililita 3. Hayo si Yara yenyewe, na ubora hutegemea muuzaji. Tone moja kila kiganja, wala yasiguse nguo, yanaacha doa la mafuta.

Bandia ni nyingi. Linganisha namba ya toleo chini ya boksi na iliyo kwenye chupa, zisipofanana, rudisha. Kipulizio kizuri hutoa ukungu mwembamba, kibovu hurusha matone. Ijaribu mkononi, si kwenye karatasi, uzunguke sokoni nusu saa kabla ya kulipa: bandia mara nyingi huanza kwa ukali wa spiriti na ikifika nusu saa hubaki utamu mtupu usio na poda wala sandali. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, usiharakishe.

Chupa ikae ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na dirisha, wala isikae bafuni au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Maji yake yakikoza rangi kidogo baada ya miezi, hiyo ni vanila, bado yanafaa. Yakianza kunuka uchachu, yameharibika.