Santuri ya kwanza ya pop ya Kijapani: ununue ipi?

Wengi huingia kwenye muziki huu kupitia bendi ya Lamp: sauti laini, gitaa lenye ladha ya bossa nova ya Brazil, melodia inayokata kona bila kukuonya. Kesho yake wanaisaka santuri ya Lamp, wanakutana na bei, wanafunga simu. Ushauri wangu ni uanze nyuma, walikochota vijana hawa. Huko ndiko mfuko wako unakoweza kufika.

Namba moja kwangu ni A Long Vacation ya Eiichi Ohtaki, ya 1981. Iliuza zaidi ya nakala milioni moja, ndiyo maana mitumba yake imejaa Japani na hakuna haja ya kuuziwa kama lulu. Ohtaki alitoka bendi ya Happy End, iliyoimba roki kwa Kijapani wakati wengine walishikilia kwamba roki bila Kiingereza si roki. Humu mwenzake wa bendi hiyo, Takashi Matsumoto, kamwandikia karibu mashairi yote. Weka sindano upande wa kwanza: ala zinalinganishwa sauti, fimbo za ngoma zinagonga kuhesabu, halafu studio nzima inakumwagikia kwa mpigo mmoja, mtindo wa Phil Spector, mtayarishaji muziki wa Marekani. Hata bwawa la kuogelea lililochorwa kwenye jalada na Hiroshi Nagai linaigwa mpaka leo.

Mchoraji huyohuyo amepamba jalada la namba mbili, Pacific Breeze (2019), mkusanyiko wa lebo ya Light in the Attic ya Marekani wenye nyimbo za 1976 hadi 1986. Kama hujui bado unampenda nani, hii inaweza hata kupanda juu.

Tatu ni Fantasma ya Cornelius (1997), mtoto wa Shibuya, mtaa wa Tokyo ambako vijana walinunua rekodi za zamani za Ulaya na Marekani wakazichanganya upya. Hii chukua CD tu. Toleo la kwanza lilikuja na visikizi ndani ya boksi, nadhani ujumbe umeupata: isikilize kwa visikizi.

For You ya Tatsuro Yamashita (1982) ningeiweka juu kwa muziki, lakini bei inaishusha hadi ya nne. Tafuta chapa ya 2023. Ya awali waachie wakusanyaji. Yume ya Lamp (2014) iwe ya mwisho. Isikilize mtandaoni kwanza.

Sasa kuhusu obi, ule ukanda wa karatasi unaovaa ubavu wa kushoto wa jalada. Hauongezi sauti hata chembe, ila unapandisha bei. Niliwahi kulipia nakala "kamili", nikafungua kifurushi nikakuta jalada uchi; picha ya muuzaji haikuwa ya nakala niliyotumiwa. Tangu hapo naomba picha ya santuri yenyewe, imeinamishwa chini ya taa ili mikwaruzo ionekane. Ukiona 帯付 kwenye tangazo la muuzaji, obi ipo, 帯なし, haipo. Kama unanunua kusikiliza, chukua isiyo nayo, na chenji iliyobaki ongezea santuri ya pili kwenye kifurushi hichohicho, maana nauli ya posta ndiyo inayouma kuliko santuri.