Albamu ya diski mbili: ipi ununue, na nusu ipi inaibeba nyingine

Bendi ya roki ikitoa albamu ya diski mbili, mashabiki hugawanyika siku hiyohiyo. Wapo wa diski ya kwanza, wapo wa diski ya pili, na wapo wale wa kusema kwamba nyimbo zingechujwa zikabaki za diski moja, kazi ingekuwa kali zaidi. Mnunuzi ana swali jingine: hiyo nusu unayoipigania, utaikuta nzima kwenye toleo unalolipia?

Mpaka wa nusu hauwekwi na bendi peke yake. Chombo nacho kina usemi. Upande mmoja wa santuri hubeba vizuri dakika 20 hivi. Zikizidi sana, mifereji inamopita sindano inabanana, sauti inapunguzwa nguvu, na besi ndiyo inayoumia kwanza. Sidii hubeba dakika 74 hadi 80. Ndiyo maana albamu ya santuri mbili yenye dakika 67 huingia kwenye sidii moja, na ubishi wa nusu unafia hapo.

Orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja: kila nusu isimame yenyewe, bila kuegemea mwenzake.

1. Red Hot Chili Peppers, Stadium Arcadium (2006)

Nyimbo 28, dakika 122, zimegawanywa sawasawa: 14 kwenye diski iitwayo Jupiter, 14 kwenye Mars. Jupiter inafungua na Dani California, kisha Snow (Hey Oh), kwa hiyo mgeni hunaswa mapema. Mars nayo ina singo zake mbili, Tell Me Baby na Desecration Smile, ila uzito wake uko mwishoni: Turn It Again, ambako mpiga gitaa wao John Frusciante anarundika gitaa juu ya gitaa, halafu Death of a Martian inayoishia kwa maneno ya kusemwa. Watu wa Jupiter hujibu kwa Wet Sand. Sikiliza dakika yake ya mwisho, gitaa linapochukua nafasi ya sauti ya mwimbaji, utaelewa kwa nini hawashindwi kirahisi. Sisi tunaipa Mars ushindi mwembamba, kwa sababu haina wimbo unaokufanya urudi kutazama orodha kujua zimebaki ngapi.

Tatizo ni sidii. Sauti yake ilipandishwa kupita kiasi kabla ya kuchapwa: sehemu tulivu na za kelele zinakaribia kulingana, vilele vya mawimbi vimekatwa, na baada ya nusu saa masikio yanachoka. Spika zako hazina kosa, na kupunguza sauti hakurudishi kilichokatwa. Toleo la santuri liliandaliwa upya na wahandisi wa sauti Steve Hoffman na Kevin Gray, na tofauti inasikika kwenye ngoma kabla ya kitu kingine chochote. Ni santuri nne, pande nane, wastani wa dakika 15 kwa upande, hivyo mifereji ina nafasi ya kutosha. Gharama yake ni miguu: utainuka mara saba. Kama huna pleya ya santuri, nunua sidii na uisikilize diski moja kwa siku.

2. Led Zeppelin, Physical Graffiti (1975)

Hapa nusu hazilingani, na sababu inaonekana kwenye hesabu. Bendi ilirekodi nyimbo nane mpya, zikazidi urefu wa santuri moja, basi ikaongeza viporo saba, nyimbo zilizobaki kwenye vikao vya kurekodi vya miaka ya nyuma. Sasa tazama viporo hivyo vilikopangwa. Diski ya kwanza ina nyimbo sita na viporo viwili tu, The Rover na Houses of the Holy. Diski ya pili ina nyimbo tisa, na tano kati yake ni viporo. Anayesema diski ya kwanza imeshikana zaidi hasukumwi na mapenzi ya Kashmir, wimbo ulio humo, peke yake. Kweli ilipikwa kwenye chungu kimoja.

Hata hivyo msiidharau ya pili. In the Light na Ten Years Gone ziko upande wa tatu, na zote mbili ni mpya. Upande wa nne ndio wa kujiachia: Boogie with Stu, piano ikipigwa na Ian Stewart, na Black Country Woman, iliyorekodiwa nje, ambayo mwanzoni mwake inasikika ndege ikipita na sauti ikisema iachwe hivyohivyo. Ikaachwa.

Kwa kuwa albamu inazidi dakika 80 kidogo, hata sidii ni mbili na mpaka umebaki palepale. Ukinunua santuri ya zamani, kagua jalada kuliko unavyokagua diski. Madirisha ya jengo lililo kwenye picha ya jalada yamekatwa kwenye karatasi, na bahasha za ndani ndizo zinazoonyesha picha kupitia madirisha hayo. Bahasha ikiingizwa kwa haraka, kona yake hunasa kwenye dirisha na kulichana. Toa kila kitu: ziwepo bahasha mbili zenye picha pamoja na karatasi ngumu yenye orodha ya nyimbo. Karatasi hiyo ikikosekana, madirisha hayana la kuonyesha ila bahasha, na bei ishuke.

3. Guns N' Roses, Use Your Illusion I na II (1991)

Zilitoka siku moja, 17 Septemba, zikiuzwa kila moja peke yake, kwa hiyo hapa unaweza kweli kulipia nusu. Namba I ina jalada la njano na nyekundu, nyimbo 16. Namba II ni ya buluu na zambarau, nyimbo 14. Wanunuzi waliipeleka II juu ya chati ya Marekani, na I ikashika nafasi ya pili. Tunakubaliana nao: Civil War, Estranged na You Could Be Mine ziko huko. Ila ukiichukua II peke yake unakosa November Rain na Coma, na unabaki na Don't Cry yenye mashairi mengine. Jihadhari na diski moja ya 1998 yenye jina hilohilo lisilo na namba. Ni mchanganyiko uliopunguzwa, haishiki nafasi ya yoyote kati ya hizo mbili.

4. The Beatles, ile yenye jalada jeupe (1968)

Nyimbo 30: kwenye sidii, 17 diski ya kwanza, 13 ya pili. Diski ya kwanza inashinda kwa aina nyingi, ya pili kwa uzito, isipokuwa Revolution 9 inakula zaidi ya dakika nane ambazo wengi huziruka. Chagua kwanza mono (sauti ileile kwa spika zote) au stereo (sauti iliyogawanywa kushoto na kulia), maana si suala la spika tu. Helter Skelter ya mono inaisha mapema. Ya stereo inafifia, inarudi, kisha inafunga kwa kelele maarufu za mpiga ngoma kuhusu malengelenge ya vidole vyake.

Zilizobaki, kwa ufupi

Mellon Collie and the Infinite Sadness ya The Smashing Pumpkins (1995) nunua kwa sidii, 14 kwa 14. Santuri tatu za 1996 zilipangua mpangilio na kuongeza nyimbo mbili, kwa hiyo nusu unazozisikia zikibishaniwa hazipo humo. Exile on Main St. ya The Rolling Stones (1972) ina upande wa pili wenye magitaa makavu unaopaswa kusikilizwa peke yake. Sidii moja inaumeza. Ya mwisho ni Ummagumma ya Pink Floyd (1969): diski ya kwanza ni ya jukwaani na ni moto, ya pili ni majaribio ya kila mwanamuziki kivyake, na wengi huicheza mara moja tu.

Kabla hujalipia santuri zilizotumika

Weka diski zote mbili chini ya taa moja inayomulika kutoka pembeni. Upande wa kwanza umefifia na wa nne unang'aa kama mpya? Mwenye nazo wa awali amekwisha kukwambia aliipenda nusu ipi, na hiyo ndiyo utakayoisikia ikikwaruza. Linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo: yakitofautiana sana kwa mtindo, huenda diski moja imetolewa kwenye seti nyingine kufidia iliyovunjika. Ilaze diski juu ya kioo; ukingo ukiinuka kiasi cha kupitisha ukucha, sindano itaruka.

Mwisho soma namba za pande. Seti nyingi za zamani, hasa za Marekani, zilichapwa upande wa 1 na 4 kwenye diski moja, wa 2 na 3 kwenye nyingine, kwa ajili ya pleya zilizorundikiwa santuri na kuzidondosha zenyewe moja baada ya nyingine. Kwenye seti kama hiyo, kusikiliza nusu ya kwanza mfululizo ni kubadilisha diski, si kuigeuza.