Wagashi: kula dukani au kubeba?

Kwenye duka la wagashi, yaani vitamutamu vya Kijapani, lenye chumba kidogo cha chai, namagashi, yaani vile vibichi, uvile palepale. Vina maji mengi na havikai muda mrefu. Vile vya mochi, donge laini la mchele unaonata, ukivitia kwenye friji, wanga wa mchele hukakamaa na ule ulaini wote unapotea. Hasara kweli! Kata vipande kwa kijiti, maliza kitamu kwanza, ndipo unywe matcha, chai ya kijani iliyosagwa (gramu 2 za unga, mililita 70 hivi za maji ya nyuzi 80), maana utamu uliobaki mdomoni hupunguza uchungu wa chai.

Za kubeba ni higashi, sukari laini iliyoshindiliwa kwenye kalibu ya mbao iliyochongwa. Zinavumilia safari, ila unyevu huzilainisha. Funga boksi vizuri.